Mwache aende, ila uliza kuhusu viza

Dada, umeuliza kama umruhusu kijana wako wa miaka 16 aende Iringa mwezi Julai na vijana wa kanisa lenu la huko Minnesota, Marekani, wiki mbili za kujenga darasa. Mruhusu. Ila kwanza mbane kiongozi wao kuhusu viza: ya utalii hairuhusu kazi Tanzania, hata ya kujitolea. Dawa ya kukinga malaria huanzwa kabla ya safari, daktari atawaelekeza. Na sweta, tafadhali! Iringa mwezi huo usiku ni baridi kweli.

Ujenzi ndio unaonisumbua. Nimewapokea vijana kama hao usharikani kwetu. Walipanga matofali mchana kutwa kwa moyo mmoja. Jioni fundi akabaki na timazi yake, ile kamba ya kupimia kama ukuta umesimama wima, akabomoa safu mbili za matofali na kuzijenga upya kimya kimya, asiwavunje moyo. Ombeni fundi ajenge na alipwe, vijana wasombe maji na mchanga.

Mwanao ana Kiswahili, wenzake hawana. Mwambie jioni akae jikoni na akina mama wa kwaya, aamkie, achambue mchicha, asikilize.