Maswali ya Wasomaji: Emery, winga wa daraja la pili aliyegeuka kocha wa vikombe

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mshika Mitutu wa damu. Unai Emery alituharibia Arsenal tukamtimua, leo kila redio inamsifia kwa kazi yake Aston Villa. Mimi naona ni bahati tu. Na hivi, huyo mtu aliwahi hata kucheza mpira? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho maana nimeulizwa mara nyingi.

Emery alizaliwa Novemba 1971 huko Hondarribia, mji mdogo wa pwani katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, mpakani kabisa na Ufaransa. Kwao mpira ni mali ya ukoo. Baba yake alikuwa kipa. Babu yake, Antonio, alikuwa kipa wa Real Unión ya mji jirani wa Irun, na ndiye aliyefungwa bao la kwanza katika historia ya La Liga, ligi kuu ya Hispania, Februari 10, 1929, walipocheza na Espanyol. Unai mwenyewe hakurithi glovu. Alikuwa winga wa mguu wa kushoto, akalelewa na Real Sociedad, lakini timu ya wakubwa ilimpa mechi 5 tu za ligi, msimu wa 1995/96. Baada ya hapo akazunguka Toledo, Racing de Ferrol na Leganés, zaidi ya mechi 200 za daraja la pili. Kwa hiyo alicheza sana, ila hakucheza pale ambapo kamera zilikuwepo.

Sasa Arsenal. Alifika Mei 2018, mwezi uleule klabu ilipotangaza mkataba wa kuitangaza Rwanda kwenye mkono wa jezi. Alirithi kiti ambacho Arsène Wenger alikikalia miaka 22. Msimu wake wa kwanza alimaliza nafasi ya 5, pointi 1 nyuma ya Tottenham waliokwenda Ligi ya Mabingwa, akafika pia fainali ya Ligi ya Europa kule Baku, ambako Chelsea walitupiga 4-1. Ndiyo, nasema "walitupiga", na mimi ni wa hukohuko. Novemba 2019, baada ya mechi 7 bila ushindi, akaondolewa.

Nikitafuta pa kumlaumu, nitataja unahodha. Msimu wa 2019/20 ulianza timu haina nahodha rasmi, kisha kura za wachezaji zikampa Granit Xhaka. Mwezi mmoja baadaye Xhaka akagombana na mashabiki wetu wakati anatolewa uwanjani, tukicheza na Crystal Palace, na kitambaa kikamtoka. Jambo kama lile kocha huliamua mwenyewe, mapema, watu waziwaze mechi.

Lakini mkumbuke pia kwamba Bukayo Saka alivaa jezi ya wakubwa kwa mara ya kwanza chini ya Emery, Novemba 2018, akiwa na miaka 17. Na jinsi watu walivyomcheka kwa lafudhi yake ya Kiingereza iliniuma sana. Nilishangaa kuona hata sisi, ambao Kiingereza tumekisomea kwa fimbo, tunaungana na wenye lugha yao kumcheka mtu anayejitahidi kujieleza mbele ya dunia.

Bahati? Ligi ya Europa ameibeba na Sevilla mara 3 mfululizo, 2014, 2015 na 2016. Akaibeba tena 2021 na Villarreal, klabu ya mji wa watu wapatao elfu 50, na hilo ndilo lilikuwa kombe lao kubwa la kwanza. Fainali ile ilichezwa Gdańsk dhidi ya Manchester United. Sare ya 1-1, dakika 120 zikaisha, zikaja penalti. Wachezaji wote 10 wa ndani wa kila upande wakafunga. Wakabaki makipa. Gerónimo Rulli wa Villarreal akapiga, ikaingia. Akarudi golini, akaidaka ya David de Gea. 11-10. Utaniambia penalti ni bahati, nami nitakubali nusu. Ila kabla ya kufika pale, Villarreal walikuwa wamewatoa Arsenal kwenye nusu fainali, na pale mshindi hakuamuliwa kwa penalti.

Kaka, nafundisha watoto mpira wa mchangani hapa Tanga. Nina miaka 29, goti lilikufa mapema, sikuwahi kufika ligi kuu. Nina leseni ya CAF ya daraja D. Wenzangu wanasema kocha ambaye hakucheza juu hawezi kuheshimiwa. Niache? (Msomaji, Tanga)

Usiache.

Mdogo wangu, soma habari za Lorca Deportiva. Hii ilikuwa timu ya daraja la tatu katika mkoa wa Murcia, na Emery alikuwa mchezaji wake, goti limemgomea kama lako. Katikati ya msimu wa 2004/05 timu ikayumba, uongozi ukamtimua kocha, ukamwomba yeye achukue. Ana miaka 33. Jana anavaa soksi pamoja na wenzake, leo anawapanga, na wengine anawaweka benchi. Hebu fikiria kikao kile cha kwanza. Hakuwa na medali ya kuwaonyesha, alikuwa na kazi tu. Juni 2005 Lorca wakapanda daraja la pili, na timu waliyoishinda kwenye mchujo wa mwisho ilikuwa Real Unión, ile ya babu yake.

Kutoka hapo akaenda Almería, akawapandisha La Liga 2007, na msimu wao wa kwanza huko wakamaliza nafasi ya 8. Ndipo Valencia wakamwita.

Mimi naamini miaka yake ya daraja la pili ilimsomesha. Mchezaji nyota huwa hajui anafanyaje anachofanya, mwili wake unajua. Asiye na kipaji kile analazimika kuuliza: kwa nini beki yule alichelewa? Nani alipaswa kumfunika? Emery alizoea kuuliza, na alipopata timu akageuka mgonjwa wa video. Joaquín, winga wake wa Valencia, alitania kwamba bisi zilimwishia kwa wingi wa video alizoonyeshwa.

Kwa watoto wako, usiige wingi huo. Omba mzazi mmoja arekodi mechi kwa simu kutoka mahali palipoinuka kidogo, wewe uchague vipande viwili au vitatu, dakika 5 zinatosha. Na endelea na masomo: baada ya D kuna C. Heshima ya chumba cha kubadilishia nguo utaipata siku kijana atakapoona ulichomwambia Jumanne kimetokea Jumamosi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Kwa nini washambuliaji wanaocheza na Villa wanaotea kila mara? Tunataka kujaribu shuleni. (Msomaji, Nakuru)

Swali zuri, mwanangu. Msimu wa 2023/24, ule Villa waliomaliza nafasi ya 4, hakuna timu ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyowanasa wapinzani kwenye kuotea, yaani kuwa nyuma ya mabeki wakati pasi inapigwa, kuliko wao. Mabeki wa Emery husimama karibu na katikati ya uwanja, ili wapinzani wabanwe kwenye eneo dogo.

Siri ni kumtazama mwenye mpira, siyo mshambuliaji. Akiwa amebanwa au ameinamisha kichwa, hawezi kupiga pasi ndefu nzuri, basi mstari mzima unapanda. Akiwa huru na kichwa kiko juu, mstari unarudi haraka. Kipa naye, kama Emiliano Martínez, hakai golini kusubiri. Husogea mbele kufagia mipira inayopita nyuma ya mabeki. Hatari yake ni kiungo anayechomoka kutoka nyuma, maana yeye haotei, na mabeki wanakuwa wameshageuza migongo.

Shuleni hamna VAR, ile video ya kumsaidia mwamuzi, na mshika kibendera anaweza kuchelewa, kwa hiyo msiache kucheza hadi filimbi ilie. Na mchague beki mmoja tu wa kutoa sauti ya kupanda. Wakipiga kelele wawili, mmoja atabaki nyuma, na mshambuliaji yuko halali.