Jibu: Mashine ya sukari inasoma 14.2, dakika mbili baadae 8.1

Habari dada, pole na kuuguza. Umesema ulimpima mama kidole kikasoma 14.2, ukarudia kidole hicho hicho ikaja 8.1, hujui uamini ipi. Usimuongezee dawa kwa sababu ya hiyo 14.

Anza na mikono. Mimi nampima mzee wangu kila asubuhi, kuna siku ilisoma 16 nikashtuka sana kumbe alikuwa ametoka kumenya embe, nikamnawisha kwa sabuni nikamkausha vizuri ikashuka hadi 7. Tone lenyewe la damu ni dogo mno kwahiyo hata majimaji kidogo ya tunda kwenye ngozi yanahesabika kama sukari ya damu.

Halafu kopo la stripu, vile vijiti vya kupimia unavyochomeka kwenye mashine. Pale kwenye ncha kuna kimeng'enya kinachofanya kazi na glukosi ndo unapatikana umeme mdogo ambao mashine inausoma, sasa unyevu ukiingia kinaharibika, na sisi wa pwani unyevu tunaujua. Usizihamishie kwenye kimfuko, chomoa moja funga kopo hapo hapo, na andika tarehe uliyolifungua. La kwako umefungua lini?

Tofauti ndogo ni kawaida, kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kinaruhusu mpaka asilimia 15 juu au chini sukari ikiwa 5.6 kwenda juu, ila 14 na 8 hapana. Kama mama ana upungufu wa damu mwambie daktari, maana mashine nyingi hapo zinasoma juu kuliko ukweli. Na akianza kutapika au kulegea acha kupima pima, mpeleke hospitali.