Kupima paa kwa droni na akili mnemba: kwa mnaoanza

Wengi wenu mnaokuja kwenye kazi hii mmetokea kwenye upigaji picha za harusi. Droni mnaijua, mkono umeshatulia, na kurusha juu ya nyumba hakuwatishi. Hiyo ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa ni paa lenyewe. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujanunua betri ya pili, tafuta fundi anayepaua ukae naye nyumba nzima, kuanzia kenchi ya kwanza, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, hadi kofia ya mwisho, lile bati linalofunika maungio ya juu. Shika mwisho wa futi kamba. Angalia anavyohesabu bati, anavyolikata kwenye pembe, kipande kinachobaki anakipeleka wapi na kipi anakitupa. Ukishayaona hayo, tarakimu zinazoletwa na kompyuta zitakuwa na sura kichwani mwako, na ikitokea moja imekosewa utaishtukia mapema.

Pia ujue kazi iko wapi. Nyumba mpya inayosubiri kupauliwa haihitaji droni sana, maana paa halipo. Kuna ramani ya mchoraji na kuna kuta za kupima kwa kamba. Kazi ya droni iko kwenye mapaa yaliyokwisha kuwapo: shule inayotaka kuezua bati lililooza, ghala linalovuja, kanisa au msikiti unaoongezwa, ofisi inayotaka kufunga paneli za umeme wa jua. Na iko zaidi kwenye mapaa ambayo mtu hapaswi kuyakanyaga. Majengo mengi ya zamani ya umma yameezekwa kwa asbesto. Zile shiti zikizeeka hupasuka chini ya mguu, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usipande, usitoboe, usikwangue. Piga picha kutoka juu, toa vipimo, na kazi ya kuziondoa waachie wenye vifaa na kibali cha kufanya hivyo. Kama droni isingekuwa na faida nyingine yoyote, hiyo ya kumzuia mtu asianguke ingetosha kuinunua.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unapiga picha nyingi zinazopishana, kila moja ikifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia. Mimi hupendelea kupishana kwa asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Kisha unazunguka jengo na kamera imeinama kama nyuzi 45, ili kingo za upenu na kuta nazo zionekane. Programu hutafuta alama moja ileile kwenye picha kadhaa, ikakokotoa ilipo, ikarudia hivyo kwa alama maelfu hadi umbo la nyumba lijitokeze. Hapo ndipo akili mnemba inaposhika zamu: inatambua kingo, inachora mgongo wa paa, yaani mstari wa juu pande zinapokutana, na mabonde, mikunjo ya ndani maji yanapokusanyikia, inatenganisha mteremko mmoja na mwingine, na programu nyingine zinaonyesha mpaka kutu na matundu. Urefu wa kuruka ndio unaoamua utaona kwa undani gani. Droni ya Phantom 4 Pro, kwa mfano, ikiwa mita 36 hivi juu ya paa, nukta moja ya picha ni karibu sentimita 1 ya bati. Ukipanda mita 100 nukta ileile inafunika karibu sentimita 2.7. Kwa paa la nyumba ya kawaida sioni sababu ya kupanda huko, ila kama miti au nguzo za umeme zinakulazimisha.

Sasa tuje kwenye mteremko, maana hapa ndipo wanaoanza hupotea. Picha iliyopigwa wima inaonyesha eneo la ardhi ambalo paa linalifunika, siyo bati lenyewe lilivyoinama. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, yenye upenu wa sentimita 60 kila upande. Ukitazama kutoka juu, paa ni mita 11.2 kwa 13.2, yaani mita za mraba 147.8. Lakini likiwa limeinama nyuzi 30, bati linalohitajika kulifunika ni mita za mraba 170.7. Tofauti ni asilimia 15, na hiyo ni fedha ya mtu. Kanuni yake ni kugawa eneo la kutoka juu kwa kosaini ya pembe ya mteremko. Kariri chache: nyuzi 20 ongeza asilimia 6, nyuzi 25 asilimia 10, nyuzi 30 asilimia 15, nyuzi 35 asilimia 22, nyuzi 45 asilimia 41. Uzikariri kweli, siyo kuziacha kwenye simu, kwa sababu ndizo zitakazokuambia kama ripoti ya programu inaingia akilini.

Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari na ramani za bure za majengo. Google walitoa mwaka 2021 hifadhi yao ya Open Buildings, yenye mamilioni ya majengo ya Afrika yaliyochorwa na akili mnemba kutokana na picha za setilaiti. Ni hazina kwa kupanga safari na kukadiria ukubwa wa kazi. Unguja na Pemba nako kulipigwa picha kwa droni kuanzia 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa marubani. Lakini mchoro wa kutoka juu hauna mteremko, na nyumba iliyoonekana mwaka ule huenda leo ina vyumba viwili zaidi na paa jingine.

Tuseme umepata mita za mraba 170.7 sahihi kabisa. Bado hujapata oda. Kiwandani hawakuuzii mita za mraba, wanakuuzia bati lenye urefu fulani na upana unaofunika. Turudi kwenye nyumba yetu, tuiezeke paa la pande mbili. Kutoka ukingo wa upenu hadi mgongoni ni mita 5.6 zikitazamwa kutoka juu, na kwenye mteremko ni mita 6.47. Ukiongeza kidogo cha kuvuka fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa upenu, unakata bati la mita 6.5 au zaidi kidogo, kulingana na fundi anavyotaka maji yadondokee kwenye gata. Bati la IBR, lile lenye migongo bapa, hufunika upana wa milimita 686. Mita 13.2 ukigawa kwa hizo unapata 19 na robo, kwa hiyo ni bati 20 kila upande, 40 kwa jumla. Hiyo robo huwezi kuinunua peke yake.

Nyumba hiyohiyo ukiiezeka pande nne, zote kwa nyuzi 30, eneo halibadiliki hata kidogo: ni 170.7 vilevile. Wengi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe. Kinachobadilika ni kofia na upotevu. Paa la pande mbili lilikuwa na mgongo mmoja wa mita 13.2. La pande nne lina mgongo wa mita 2 tu juu, lakini lina mistari minne ya pembe, inayopanda kutoka kona za paa hadi mgongoni, kila mmoja mita 8.55. Kofia sasa ni zaidi ya mita 36. Na kila bati linalofika kwenye mstari wa pembe linakatwa mshazari. Fundi mzuri atakigeuza kile kipande akitumie upande wa pili wa pembe. Asiye makini atakirundika uani. Programu haijui fundi wako ni yupi. Ile asilimia ya upotevu inayojijaza yenyewe kwenye ripoti, ifute, uandike ya kwako baada ya kuongea na atakayekata.

Jambo la kipimo cha ardhini nitalisema kwa ukali kidogo. Droni ndogo inajua ilipo kwa GPS ya kawaida, ambayo inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Picha zikiunganishwa kosa hilo hupungua, lakini umbo lote linaweza kutoka kubwa au dogo kuliko nyumba halisi, na kwa macho huwezi kuliona. Kwa hiyo kabla ya kuruka, weka ardhini alama mbili zinazoonekana vizuri, zikiwa mita 10 kamili kwa futi kamba iliyokazwa. Pima na ukuta mmoja kona hadi kona, uandike kwenye daftari. Ukishapata umbo kwenye kompyuta, pima zile alama humo. Zikisoma mita 10.15, umbo lako limekua kwa asilimia 1.5, na kwenye eneo hiyo ni asilimia 3. Rekebisha kipimo, kisha hakikisha kwa ule ukuta. Inachukua dakika chache. Mtu anayeruka bila alama ardhini anauza picha, hauzi vipimo.

Bati jipya linasumbua kuliko bati bovu, na hili linawashangaza wengi. Bati lenye kutu lina madoa, na madoa ndiyo alama ambazo programu inazitafuta. Bati jipya linalong'aa halina alama, tena jua likilipiga saa sita mchana linarudisha mwanga kwenye kamera, na kila picha inaonyesha mng'ao mahali tofauti. Migongo ya bati nayo inafanana yote, programu inachanganya wa tano na wa sita. Matokeo yake ni paa lenye mawimbi au mashimo ambayo hayapo. Ukiona umbo la paa limebonyea katikati, usikimbilie kumwambia mwenye nyumba kwamba kenchi zimelegea. Panda darini ukatazame mbao kwanza.

Saa nzuri ni asubuhi, jua likiwa limeshapanda lakini bado halijawa kali, au siku yenye wingu jepesi. Mapema mno vivuli ni virefu. Ukanda wa pwani una sababu nyingine: upepo wa baharini huongezeka nguvu mchana, na droni ndogo inayopambana na upepo hutoa picha zilizotikisika na hula betri. Kwa Dar es Salaam ongeza kunguru. Wakianza kuizunguka, ondoka taratibu, shusha, subiri.

Akili mnemba inakosea kwa namna zinazojirudia, na ukizijua utazikagua haraka. Inachukulia ukingo wa kivuli kuwa mgongo wa paa. Mwembe ukilalia upenu, inakata paa kwa umbo la majani, nawe unapoteza mita nzima ya upenu. Kwenye mitaa iliyobanana inaunganisha bati lako na la jirani likawa paa moja. Tangi la maji na paneli za jua inaweza kuzihesabu kama sehemu ya mteremko. Nyingi ya programu za biashara zimetengenezwa kwa soko la Marekani, ambako mapaa ya nyumba za kuishi mara nyingi ni ya vigae vya lami, na ripoti hutoka kwa vipimo vya huko: mteremko wa 6 kwa 12, maana yake unapanda inchi 6 kila unapoingia inchi 12, sawa na nyuzi 26 na nusu, na eneo kwa mafungu ya futi za mraba 100, kila fungu likiwa mita za mraba 9.29. Nyumba yetu ya mfano ingeandikwa mafungu 18.4. Badili vipimo mwenyewe kabla fundi hajaiona karatasi, na kila mstari uliochorwa na programu uulinganishe na picha halisi, mmoja baada ya mwingine.

Kuna tabia mpya ya kupiga picha moja ya nyumba kwa simu, kuituma kwenye programu ya kuzungumza na akili mnemba, na kuuliza bati ngapi zinatosha. Itakujibu bila kusita. Lakini picha moja isiyo na kipimo chochote kinachojulikana haina namna ya kusema nyumba ina mita ngapi, na upande wa nyuma haujaonekana. Itumie kukagua hesabu zako, kukuandikia barua ya makadirio, kukupangia jedwali. Vipimo vitoke kwenye paa.

Upande wa sheria, usiruke kwa kubahatisha. Tanzania inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka yake ya anga. Anza taratibu mapema, maana mteja hatasubiri, na kwenye maeneo ya karibu na viwanja vya ndege au kambi za jeshi usiruke bila idhini ya wazi. Kisha kuna majirani. Mjulishe mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, waambie wenye nyumba za jirani kamera inaangalia paa gani na kwa muda gani. Watu wana haki ya kutotazamwa uani kwao. Picha zinazoonyesha ua wa jirani zikate, usizihifadhi wala kuzirusha mtandaoni.

Na unapokabidhi kazi, usikabidhi tarakimu moja. Toa mchoro wa kila upande wa paa, urefu wa kila ukingo, pembe yake, urefu wa mgongo, wa mistari ya pembe na wa mabonde peke yake, tarehe ya kuruka, na ile mita 10 ya ardhini ilisoma ngapi. Andika wazi ambacho hukukiona: mbao za darini, papi (mbao ambazo bati hupigiliwa) zilizooza chini ya bati, upenu uliofunikwa na mti. Upenu ulioufikia kwa ngazi, upime kwa kamba na uandike kando kwamba umepimwa kwa mkono. Halafu mwombe fundi apime mteremko mmoja mwenyewe kabla oda haijapelekwa kiwandani, kwa sababu bati likishakatwa fupi hakuna wa kulirefusha.