Mtoto Amegeuka, Lakini Usihame Hospitali

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia wiki hii. Ana mimba ya kwanza, mtoto alikuwa ametanguliza matako, daktari akamgeuza kwa mikono na sasa kichwa kiko chini. Anauliza: "Dada, kwa kuwa amekaa sawa, naweza kujifungulia zahanati ya kijijini, karibu na mama yangu?" Nilimjibu palepale: hapana, mpenzi. Halafu nikaona niandike kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma mnataka kile nilichokitaka mimi: kuzaa kwa njia ya kawaida bila kupita kwenye kisu.

Mimi ilikuwa mimba ya pili. Kliniki niliyokuwa nikihudhuria, muuguzi alinipapasa tumbo, akaandika kitu kwenye kadi, akasema, "Huyu kakaa kitako, jiandae kwa operesheni." Kisha akamwita anayefuata. Mpaka leo sentensi ile inaniuma. Hakuniambia kwamba kuna njia nyingine ya kujaribu kwanza. Nilikuja kuisikia kwa rafiki yangu mkunga, akanielekeza hospitali ya rufaa.

Kabla sijaenda, wifi yangu alitaka nikakandwe na bibi mmoja anayesifika mtaani kwa kugeuza watoto. Nilikataa, akanuna, na familia nzima ikasema najifanya msomi. Lakini kwa yule bibi hakuna kipimo cha kuonyesha kondo la nyuma limekaa wapi, hakuna mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko mbali. Kama kondo limeziba njia, au ulitokwa na damu karibuni, au umebeba mapacha, tumbo hilo halisukumwi na mtu.

Hospitali walianza na ultrasaundi, wakapima mapigo ya mtoto, wakanichoma sindano ya kulegeza mfuko wa uzazi. Sindano ile inaupeleka moyo mbio na mikono inatetemeka, msiogope. Daktari, mwanamke mwenye mikono midogo lakini ya nguvu, aliyanyanyua matako ya mtoto kutoka kwenye nyonga yangu, mkono wa pili ukakisindikiza kichwa kushuka, na mtoto akapiga kichwangomba mle ndani. Inauma, siwadanganyi. Nilishika ukingo wa kitanda nikawa napumua tu. Daktari akasema, "Amekubali." Wakapima tena mapigo, wakarudia ultrasaundi, wakaniruhusu nyumbani wakinisisitiza nirudi mara moja nikiona damu au maji, au mtoto akipunguza kucheza. Mwenye kundi la damu hasi hupewa pia sindano yake ya kinga. Ulizeni.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida, na ninajivunia hilo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kugeuza hufanikiwa kwa karibu nusu ya wanaojaribu: takriban 40 kati ya 100 kwa mimba ya kwanza, na 60 kati ya 100 kwa aliyewahi kuzaa. Kwa kawaida hufanywa kuanzia wiki ya 36 au 37. Akishageuka, wanaorudi kukaa vibaya hawafiki 5 kati ya 100. Upasuaji wa dharura ndani ya saa 24 baada ya zoezi hutokea kwa takriban mama 1 kati ya 200. Hizo ni habari njema, na wengi waliogeuziwa watoto huzaa kwa njia ya kawaida.

Ila kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Mama aliyegeuziwa mtoto bado ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuishia kwenye upasuaji, au mtoto kuvutwa kwa vifaa, kuliko mama ambaye mtoto wake aligeuka mwenyewe. Uchungu unaweza kukwama, mapigo ya mtoto yanaweza kubadilika. Binamu yangu yalimkuta hayo. Mtoto aligeuka vizuri, uchungu ukaanza vizuri, kisha njia ikagoma kufunguka. Akapasuliwa, mtoto akatoka analia, wote wazima. Lakini ndugu wakamwambia alijisumbua bure, naye akalia kama aliyeshindwa mtihani.

Hakujisumbua bure! Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 26, ukaonyesha kwamba kwa mtoto aliyetanguliza matako, upasuaji uliopangwa ni salama zaidi kwake kuliko kumzaa kwa njia ya kawaida. Tangu hapo hospitali nyingi duniani zikawa zinakimbilia kisu. Kugeuza ndiko kunakompa mama nafasi ya kukiepuka, na nafasi hiyo ina thamani hata isipotimia, hasa kwetu ambako mama hubeba mimba nyingine akiwa na kovu kwenye mfuko wa uzazi, na huenda anaishi mbali na hospitali. Acheni kuwahukumu wanawake kwa mlango mtoto aliotokea. Na ninyi akina wifi na mama wakwe, shikeni mikono ya wenzenu badala ya kuwahesabia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule. Ukiambiwa mtoto kakaa vibaya, uliza kama anaweza kugeuzwa. Akigeuzwa, endelea na kliniki, na kila wakipima waulize kichwa kiko wapi. Na uzae mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Zahanati haina hicho.

Mama wa Tanga, kama una ndugu anayekaa karibu na hospitali hiyo iliyomgeuza mtoto, hamia kwake wiki hizi za mwisho, na mama yako aje akukute hukohuko.