Kumpeleka mtoto Stella Maris Mtwara: panga ada kabla ya korosho

Stella Maris, au STEMMUCO kama wengi wanavyokiita, ni chuo kikuu kishiriki chini ya SAUT, chuo cha Kanisa Katoliki chenye makao Nyegezi, Mwanza. Kilianza 2009. Shahada ni ya SAUT, kwa hiyo mzazi wa Masasi au Nachingwea asidhani udogo wa chuo unapunguza uzito wa cheti. Na si lazima mtoto awe Mkatoliki. Ulizeni tu mapema taratibu za mavazi na ibada.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, sifa ya chini ya vyuo vikuu nchini ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye pointi 4 kwa jumla. D mbili zinafika hapo, ila masomo yenyewe lazima yaendane na kozi.

Panapoumiza ni pesa. Chuo hufunguliwa minada ya korosho ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hayaingii siku ya mnada. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nao si lazima umalize ada yote, na bumu, yaani pesa ya kujikimu, haliji mpaka mwanafunzi asajiliwe na kusaini. Mtoto aje na pesa ya kula ya mwezi mzima, zaidi ya kodi ya chumba. Mzazi aende kwa mhasibu kabla ya kufungua, aombe kulipa kwa awamu, na tarehe ziandikwe. Chuo kikiwa kidogo, mhasibu unamfikia mwenyewe. Tumieni nafasi hiyo, msingoje wiki ya mitihani.

Mkilipa benki, andikeni jina na namba ya usajili ya mwanafunzi. Wengi huandika jina la baba, pesa inafika lakini mwanafunzi anaendelea kusomeka kama mdaiwa. Risiti isitupwe.

Kabla ya kuomba mkopo, linganisheni majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hamisi na cha kidato cha nne Khamis, uhakiki hukwama, na kurekebisha huchukua muda.

Darasani, faida kubwa ni mwalimu anayekujua kwa jina. Mwanafunzi atunze kila karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, kisha aulize alama zake za kozi weki (majaribio na kazi za muhula) kabla ya mtihani wa mwisho. Alama ya jaribio moja ikikosekana kwenye orodha, aende na karatasi yenyewe wakati mwalimu bado anaweza kuirekebisha. Matokeo yakishapitishwa, safari inakuwa ndefu, na anaweza kujikuta anafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo alilofaulu.