Shangazi, msusi wangu ni shoga na nataka amjue Yesu, nianzie wapi?

Barua ya wiki hii imetoka Nakuru. Nimeipunguza maana ilikuwa ndefu, na nimetoa vitu vya kumtambulisha mtu:

"Bwana asifiwe Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeokoka. Kuna kijana ananisuka nywele mwaka wa sita sasa, tumekuwa kama ndugu, nilipojifungua huyu wa pili yeye ndo alikuja na uji hospitali kabla hata ya mashemeji. Zamani alikuwa kwaya, akaacha. Januari akaniambia yeye ni shoga, hajawahi kumwambia mtu yeyote wa kanisani. Nililia. Nikamshirikisha mwenzangu wa maombi, akasema nimlete kesha la Ijumaa afunguliwe la sivyo nijitenge naye. Nimekuwa nikimtumia mahubiri WhatsApp, kama klipu 11 hivi, hajibu. Juzi akaandika tu, 'kwani siku hizi mimi ni mradi wako?' Tangu hapo sijarudi saluni, nasukwa na binti wa jirani. Nampenda na naogopa atapotea. Nimwambieje habari za Yesu bila kumpoteza?"

Asifiwe sana mwanangu.

Nianze na hilo neno lake maana limeniuma hata mimi ambaye sikuandikiwa. Mradi. Mradi ni wa kuku, mradi ni ule wa tangi la maji mnachangia kwa chama. Na ubaya ni kwamba kijana hajakosea. Klipu 11 bana! Hebu rudi nyuma kwa hiyo simu uangalie, kabla ya Januari ulikuwa umemtumia mahubiri mangapi? Naona kama hakuna hata moja, miaka sita mlikuwa mnaongea watoto, bei ya unga, mama mkwe wako, vichekesho vya huko saluni, halafu siku aliyokufungulia moyo ndo siku hiyo hiyo ukageuka mhubiri. Kwa hesabu yake ni kwamba alisema ukweli mara moja akapoteza rafiki, badala yake akapewa mwinjilisti ambaye hakumuomba.

Sikusomi vibaya, najua ulituma kwa mapenzi. Lakini mtu aliyeishi na siri miaka yote hiyo ana pua, ananusa chambo kutoka mbali.

Kabla hatujafika kwa Yesu kuna jambo limenitoa jasho kwa barua yako na umelipita haraka sana. "Nikamshirikisha mwenzangu wa maombi." Mwanangu, wewe na mimi tunajua maombi ya kushirikishana yanavyotembea, Jumanne ni ombi, Alhamisi ni habari, Jumapili mtu anaangaliwa kwa jicho la pembeni hata pa kukaa hapati. Na huyu si mtu amekopa pesa ya chama. Hii ni Kenya, kifungu cha 162 cha sheria za adhabu kinasema mpaka miaka 14 jela kwa ngono ya namna hiyo, na Mahakama Kuu ilipoombwa ikiondoe ilikataa, Mei 24, 2019. Lakini polisi hata si kitu cha kwanza cha kuogopa. Kwanza kuna landlodi, kuna mwenye saluni, kuna wateja, kuna vijana wa mtaani na mawe. Unakumbuka Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema tu lile shirika la kutetea mashoga haliwezi kunyimwa kusajiliwa, vile nchi iliwaka? Kusajiliwa tu, na wiki hiyo kila mimbari ilikuwa na hasira.

Kwa hivyo kazi ya kwanza si Injili, ni kwenda kwa huyo mwenzako ukamwambie uso kwa uso, si kwa meseji, kwamba ile habari haikuwa yako ya kutoa na iishie kwake. Halafu, hili litakuwa gumu, mwambie kijana mwenyewe kwamba kuna mtu mmoja ulimwambia. Akisikia kwa mdomo wa mwingine, sahau. Anaweza kukukasirikia na ana haki, kaa hapo ukasirikiwe.

Sasa hilo kesha. Usimpeleke. Ngoja nikwambie kwa nini nasema hivi bila kumung'unya.

Mimi naitwa shangazi hapa kwa gazeti lakini kuna mtu mimi ni shangazi yake kwelikweli, mtoto wa kaka yangu. 2008 alikuwa na miaka 22 tukagundua, tena hakutuambia yeye, tulisoma simu yake. Nikajifanya shujaa wa imani, nikampeleka mahali fulani akafungwe siku tatu bila kula, mtu mmoja mzima anamkandamiza kichwa na kumpigia kelele sikioni. Siku ya tatu akasema nimefunguliwa, tukapiga vigelegele, mimi ndo niliyelia kuliko wote. Baadaye sana ndo aliniambia, "Shangazi, nilikuwa nasikia njaa tu." Miezi miwili haikuisha akaondoka nyumbani, na kwa miaka tisa sikujua analala wapi. Alirudi nilipofanyiwa opareshini ya goti, akatokea wodini na chungwa mkononi, sikuwa hata nimemwita. Nikamuomba msamaha pale pale na mrija kwenye mkono. Na sikumhubiria neno, nilikuwa nimechoka kumhubiria hata kabla hajaja.

Usidhani ni mimi peke yangu nimejifunza kwa kuumia. Kule Marekani kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo, Exodus International, lilianza 1976, kazi yao ilikuwa hiyo hiyo, maombi na ushauri mtu aache kuvutiwa na jinsia yake. Juni 2013 wakatangaza wanalifunga na mkuu wake Alan Chambers akaomba msamaha hadharani, mwaka mmoja kabla yake alishakiri kwamba karibu watu wote aliokutana nao hisia zao hazikubadilika. Na huyu hakuwa adui wa kanisa, alikuwa ndani, alijitolea maisha. Kwa hivyo hata ukienda kumweleza rafiki yako habari za Yesu usimwambie "ukiokoka hizi hisia zitaisha." Hiyo ahadi si yako kutoa, na zisipoisha atadhani Mungu ndo alimdanganya kumbe ni wewe.

Haya, Injili yenyewe. Unaniuliza umwambieje habari za Yesu kama vile hazijui. Mwanangu, huyu aliimba kwaya! Nina hakika zile aya za Mambo ya Walawi na Warumi 1 anazikariri kuliko wewe, maana wewe ulizisoma mara moja moja, yeye amerushiwa. Wengi wao hapa kwetu ndo walivyo, wamelelewa sande skuli, wamepiga kinanda, wameshika vipaza sauti. Ambacho huenda hajawahi kupata ni mtu wa kanisani anayemjua kila kitu na bado anakuja kesho.

Soma Matendo ya Mitume 8, lakini usome polepole safari hii. Yule towashi wa Kushi, yaani mwanamume aliyehasiwa, ametoka Yerusalemu kuabudu, na kwa sheria ya Musa mtu kama yeye hakuruhusiwa kuingia katika kusanyiko, safari yote ile ya kutoka Kushi na bado anajua mlango ukoje. Na njiani anasoma Isaya! Hajaacha Mungu, anasoma. Filipo anakimbia kando ya gari, anasikia, anauliza swali moja tu, kama anaelewa anachosoma. Halafu towashi mwenyewe ndo anamuomba apande akae naye. Filipo hakurukia gari la watu. Na angalia, walianzia pale pale jamaa alipokuwa anasoma, si pale Filipo alipotaka, na neno la ubatizo mwisho wa safari lilitoka kwa towashi, "ni nini kinachonizuia?" Mimi nimeokoka 1984 na hii habari nilikuwa naisoma kama habari ya Filipo tu, mpaka mtoto wa kaka yangu aliporudi.

Wewe ulishapewa kiti garini. Miaka sita unakaa mbele ya kioo cha huyo kijana saa nne nne, kichwa kiko mikononi mwake, kuna muinjilisti gani Nakuru nzima ana nafasi kama hiyo? Na badala ya kukaa ukashuka ukaanza kumrushia klipu kupitia dirisha.

Kwa hivyo rudi ukae. Ongea imani yako vile unaongea mambo yako mengine, mwambie ulivyoomba juzi karo ikapatikana, na mwambie pia ulivyoomba kitu fulani hakikutokea ukamnunia Mungu wiki mbili. Mwambie ulivyomgombeza mume wako ukalazimika kurudi kuomba msamaha. Mtu anayesikia toba yako anaamini kuna rehema, mtu anayesikia toba anayotakiwa kufanya yeye tu anasikia hukumu. Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba hakuwapa Injili peke yake, aliwapa na nafsi yake pia, na ndo sehemu tunaruka kwa sababu ya kwanza unaweza kuforwadi, hii ya pili haiforwadiki.

Siku moja atakuuliza. "Wewe unaonaje, nitaenda motoni?" Hapo usimdanganye. Usijifanye huna msimamo ili akupende, kama unaamini vile kanisa lako linafundisha kuhusu ndoa mwambie, mara moja, kwa upole, kisha unyamaze. Hata Petro aliyesema tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu aliongeza kwa upole na kwa hofu, na alisema anayeuliza, hakusema aliyekaa kimya kwa WhatsApp. Na umwambie pia kwamba Wakristo wenyewe hawajakubaliana, maana ataliona tu: Desemba 2023 Vatican ilisema padri anaweza kuwaombea baraka wawili wa namna hiyo, isiwe kama ndoa, na Januari iliyofuata maaskofu Wakatoliki wa Afrika wakasema huku kwetu hapana. Mwanangu, mimi na wewe huenda tukasimama upande mmoja kwa hilo. Lakini swali la kwanza la Injili si unalala na nani, ni Yesu ni nani, na mtu akilishika hilo la kwanza yeye na Bwana wake wana mengi ya kuongea ambayo wewe hutaitwa kwenye kikao.

Kuna wakati nafikiria yule mwandishi wa Nakuru kwenu, Binyavanga Wainaina. Januari 2014, anatimiza miaka 43, ndo aliandika kwa ulimwengu wote kwamba yeye ni shoga na akaiandika kama anamwambia mama yake, na mama alikuwa amefariki tangu 2000. Aliongea na maiti kwa sababu akiwa hai hakuweza. Alikufa Mei 2019, siku tatu kabla ya ile hukumu ya mahakama. Rafiki yako alikwambia wewe ukiwa hai, unapumua, kichwa chako kimejaa shampuu. Sijui kama umeelewa ukubwa wa kitu alichokupa.

Na kinyume chake ni Uganda, Januari 2011, mwanaharakati David Kato ameuawa nyumbani kwake Mukono, siku ya mazishi mchungaji anashika maikrofoni na kuanza kuwakemea mashoga waliokuja kumzika mwenzao. Kukawa na vurugu, marafiki wakabeba jeneza wenyewe, na aliyeomba kaburini alikuwa askofu mstaafu wa Anglikana, Christopher Senyonjo. Huyo mchungaji alihubiri, sikatai. Nani alitoka pale na Yesu kichwani mwake?

Kitu kidogo nimekumbuka. Mimi ni wa Frere Town, Mombasa, na kwetu shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake, yule mnaazimana kanga na kuambiana ya chumbani. Bibi yangu Mkristo alikuwa na shoga yake Mwislamu wa Kuze, wakazikana. Leo hilo neno ni tusi, limegeuzwa jiwe. Unaweza kulitumia kwa maana ya bibi yangu, wewe na kijana wako, hata kama mtacheka.

Mwenzako wa maombi akikwambia unachafuka kukaa naye, mwambie asante kisha uende. Usibishane naye, usije ukamtetea mpaka ukataja usiyotakiwa kutaja.

Meseji ya kumjibu nayo, maana najua umeiandika na kufuta mara kumi: "Ulikuwa sahihi, nilikufanya mradi, nisamehe. Jumamosi una nafasi?" Basi, usiongeze aya wala ile emoji ya mikono ya maombi. Akikuwekea blutiki tu, subiri. Akikupa nafasi fika mapema, beba na uji kama aliokuletea, na lipa bei kamili maana najua wewe na diskaunti, na hizo nywele za binti wa jirani mwache aseme anachotaka kusema juu yake.