Re: Besi inakwaruza, ninunue ampu ya tyubu?

Habari ndugu. Kwa hiyo ampu yako (mashine ya kukuza sauti) ya gitaa la besi ni ya transista wati 100, kwaya na dramu zikiingia besi inakwaruza, na umeambiwa uiuze uchukue ya tyubu, ile ya taa za kioo za kizamani. Subiri kwanza. Angalia nyuma ya kabineti (sanduku la spika) imeandikwa ohm ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, maana ampu nyingi za transista wati zake zimeandikwa kwa ohm 4, ukichomeka spika ya ohm 8 unabaki na kama nusu tu. Usishuke chini ya ohm zilizoandikwa kwenye ampu, unaichoma. Halafu kwenye ikwalaiza (vile vitufe vya kurekebisha sauti) punguza besi uongeze midi, sauti za kati, kidogo, noti za chini ndo zinakula wati zote, mi hapo ndo huwa naanzia na mara nyingi inatosha.

Tyubu ni tamu kweli, ukiisukuma inakwaruza kwa ulaini, sikio halichoki. Lakini ona Ampeg SVT, ampu ya tyubu ya besi iliyotoka 1969, wati 300, kichwa (ampu bila spika) peke yake ni karibu kilo 40, nani atabeba kila Jumapili? Na tyubu zinachoka, unabadilisha, tena usiiwashe bila spika, transfoma ya kutokea, ile inayopeleka sauti kwenye spika, inaweza kuungua. Kama unataka huo utamu, tafuta kwanza pedali ya priampu yenye tyubu, kile kiboksi cha kuchomeka kati ya gitaa na ampu yako.

Ukishaona hiyo ohm iandike hapa.